Vibati na lebo za kiwanda katika magari ya kale

Vibati na lebo za kiwanda ni mabati madogo, stika na maandishi mengine ambayo mtengenezaji wa gari huyaweka kwenye gari kabla halijatoka kiwandani. Hutaja jina la mtengenezaji, aina ya gari, namba ya chasisi, rangi, upepo wa matairi, mafuta yanayofaa, mpangilio wa gia na maonyo ya usalama. Katika kazi ya kurudisha gari la kale katika hali yake ya awali, vitu hivi vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza na ndivyo vinavyokumbukwa mwisho. Havipaswi kuchanganywa na bati la namba za usajili, ambalo hutolewa na serikali ya nchi gari linakotumika na linaweza kubadilika mara kadhaa katika maisha ya gari.

Afrika Mashariki suala hili huhusu zaidi Land Rover, Volkswagen, Peugeot 404 na 504, Datsun na Toyota Land Cruiser za miaka ya 1950 hadi 1980. Magari hayo bado hupatikana mashambani, katika misheni na kwenye yadi za mafundi. Mengine yamepigwa rangi mara nne au tano, na kila mara fundi amepitisha bomba la rangi juu ya kibati bila kukifunika.

Aina za vibati na lebo

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kibati cha utambulisho. Kwa kawaida ni bati la alumini au la shaba ya njano lililopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini, kwenye dashibodi au kwenye nguzo ya mlango. Katika Volkswagen "Kobe" kibati kiko mbele, ndani ya buti karibu na tairi la akiba, na namba yenyewe imegongwa pia kwenye mgongo wa sakafu chini ya kiti cha nyuma. Katika magari ya Toyota kibati cha ukuta wa injini hutaja aina ya gari, namba ya fremu, rangi, kitambaa cha ndani, giaboksi na ekseli. Msomaji anayejua herufi za Toyota hutambua mengi kwa kuangalia tu: katika FJ40 herufi F ni ya jamii ya injini za petroli za F, na J ni ya Land Cruiser, ikiwa ni BJ, injini ni ya dizeli ya jamii ya B.

Kundi la pili ni vibati vya maelekezo. Land Rover za zamani zina vibati vinavyomwonyesha dereva jinsi ya kutumia vijiti vyake: kile chenye kirungu cha njano huunganisha magurudumu ya mbele katika gia za juu, na chenye kirungu chekundu huchagua gia za juu au za chini. Dereva aliyejifunzia katika gari la kisasa hawezi kuyakisia haya, na giaboksi nyingi zimeumizwa na watu waliovuta kijiti chekundu gari likiwa katika mwendo.

Kundi la tatu ni stika za karatasi, za plastiki au za kunata kwa maji: upepo wa matairi, mafuta ya breki, kipimo cha oili, onyo la feni. Hizi hazidumu. Joto la injini huzikausha, oili huziloweka, na fundi anayeosha injini kwa petroli humaliza kilichobaki.

Mwisho ni alama za watengenezaji wa vipuri. Vifaa vya umeme vya Lucas vimegongwa namba ya kipuri pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Vioo vya Triplex vina nukta ndogo zilizowekwa juu au chini ya herufi za jina, na nafasi ya nukta hizo huonyesha mwaka na robo ya mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama kando ya gari na kujua kwamba kioo cha mlango wa kushoto kiliwekwa baadaye, hata kama mwenye gari anaapa kwamba ni cha asili.

Kusoma namba: mfano wa Land Rover

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 na ikatengenezwa Solihull, Uingereza. Series I iliendelea hadi mwaka 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971 na Series III hadi 1985. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, lakini chasisi na ukuta wa injini ni vya chuma, navyo huoza. Hilo lina maana kubwa kwa habari ya vibati, kwa sababu bodi inaweza kudumu miaka 60 huku chasisi iliyobeba namba imekwisha.

Katika Series IIA tarakimu 3 za kwanza za namba ya chasisi hueleza gari lilivyokuwa. Kwa gari fupi la inchi 88 lenye injini ya petroli, 241 ni la soko la Uingereza, 242 ni la kuuzwa nje likiwa na usukani wa kulia, na 243 ni lililotoka kiwandani likiwa vipande ili likaunganishwe katika nchi nyingine, usukani ukiwa wa kulia. Namba 244 na 245 ni za aina hizo mbili lakini zenye usukani wa kushoto. Baada ya tarakimu huja herufi inayoonyesha hatua ya mabadiliko ya kiufundi.

Hapo ndipo mtengenezaji wa kibati kipya anapokosea mara nyingi. Hununua kibati kitupu kutoka ng'ambo, kilichochapwa kwa ajili ya soko la Uingereza, na kukigonga namba inayoanza na 242. Kibati na namba vinapingana, na mtu anayejua huona mara moja. Gari lililouzwa Tanganyika au Kenya halikuwa na kila stika ya gari lililouzwa Birmingham.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Land Rover iliingia katika mfumo wa kimataifa wa namba zenye herufi na tarakimu 17, unaofuata kanuni ya ISO 3779. Herufi 3 za kwanza humtaja mtengenezaji, 6 zinazofuata hueleza aina ya gari, na 8 za mwisho hutambulisha gari lenyewe. Herufi I, O na Q hazitumiki ili zisichanganywe na 1 na 0. Namba inayoanza na J ni ya Japani, na W ni ya Ujerumani. Kibati chenye herufi O ndani ya namba ya aina hiyo ni cha kughushi, au kimegongwa na mtu asiyejua.

Magari yaliyounganishwa Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland Kenya mjini Thika, Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa na General Motors Kenya jijini Nairobi. Thika iliunganisha Land Rover, Range Rover na mabasi madogo ya Volkswagen. Cha Thika baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na cha Nairobi leo ni Isuzu East Africa. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kilichounganisha malori ya Scania.

Magari haya yalibeba utambulisho wa pande mbili, wa mtengenezaji wa ng'ambo na wa kiwanda cha hapa. Mara nyingi kulikuwa pia na kibati au stika ya muuzaji, kwa mfano Cooper Motor Corporation (CMC), iliyouza Volkswagen na Land Rover. Wapenzi wa magari wa Ulaya hawana haja na vibati hivyo, na vitabu vyao havivitaji. Matokeo yake, mafundi wa hapa wanaofuata vitabu hivyo huving'oa kwa kudhani ni vya kubandikwa baadaye, na wakati mwingine hupiga rangi ya orodha ya Solihull gari ambalo lilipigwa rangi Thika. Huo si urejeshaji. Gari la Thika likivuliwa alama za Thika limefanywa kuwa gari la mahali lisipotoka.

Ushahidi wa historia

Kwa gari la kale kibati ni sawa na cheti cha kuzaliwa. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuanzia Makambako hadi Njombe na Uwemba, Land Rover zilitumika katika misheni, mashamba ya chai na ya miwati, idara za serikali na miradi ya maji na barabara. Makambako imekuwa njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Kumbukumbu za karatasi za magari ya wakati huo zimepotea mahali pengi. Kilichobaki ni namba kwenye chasisi.

Namba hiyo inatosha kuanzia. Makumbusho ya British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza, hutoa vyeti vinavyotokana na daftari za kiwanda kwa magari mengi ya Kiingereza, pamoja na Land Rover: tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, na mahali gari lilikopelekwa. Makumbusho ya Volkswagen mjini Wolfsburg hutoa cheti cha namna hiyo, na kwa Peugeot kuna L'Aventure Peugeot, Sochaux. Mzee aliyeachiwa Land Rover na misheni anaweza hivyo kujua kama kweli ililetwa mpya mwaka 1964, au ilinunuliwa imekwisha kutumika mahali pengine. Lakini kibati kikitupwa, na namba kwenye chasisi ikaliwa na kutu, hakuna pa kuanzia.

Hali ya hewa ya Njombe si rafiki. Mji huo uko kati ya miji yenye baridi zaidi Tanzania, mvua ni ndefu, na ukungu wa asubuhi huacha unyevu ndani ya gari lililoegeshwa nje. Alumini yenyewe huvumilia. Ribiti za chuma zilizoshikilia kibati hazivumilii, na kibati huanguka matopeni bila mtu kujua.

Kazi ya kutengeneza upya

Hatua ya kwanza ni kutotengeneza. Kibati kilichofunikwa na rangi hakijafa. Kiondoa rangi laini, kikipakwa kwa pamba na kuachwa dakika chache, huinua tabaka za juu, kisha hufutwa kwa kitambaa na kijiti cha mbao. Brashi ya waya na msasa havitakiwi hata kidogo, kwani maandishi mengi yamechapwa kwenye ngozi nyembamba ya alumini na hutoka kwa kusuguliwa mara moja. Kibati cha asili kilichofifia kina thamani kuliko kipya kinachong'aa.

Ikiwa hakuna budi kutengeneza kipya, kwanza hupigwa picha kabla ya kitu chochote kufunguliwa: mahali kilipo, kimeelekea wapi, kinashikiliwa na ribiti ngapi na za aina gani. Magari mengi ya Kiingereza yalitumia misumari ya kugongwa yenye mizunguko, si ribiti za kuvuta zinazouzwa leo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Kichwa cha ribiti ya kuvuta kina tundu katikati, na tundu hilo humwambia mkaguzi kwamba kibati kimewahi kutolewa.

Kisha huchukuliwa vipimo. Njia ya zamani, inayofaa mahali pasipo na umeme, ni kuweka karatasi nyembamba juu ya kibati na kusugua kwa penseli laini. Maandishi yaliyogongwa hujitokeza kwa ukubwa wake halisi. Mwenye skana hukilaza kibati pamoja na rula ili ukubwa uweze kuhakikiwa baadaye. Picha ya simu husaidia kusoma, lakini haifai kwa vipimo, kwa kuwa lenzi hupinda kingo.

Mchoro hutengenezwa upya kwa programu ya kuchora kwa mistari, kama vile Inkscape, ambayo haina malipo. Tatizo kubwa ni herufi. Vibati vya miaka ya 1950 vilichorwa kwa mkono au kwa mashine ya kuchonga, na herufi zake hazimo katika orodha ya fonti za kompyuta. Fonti iliyokaribia haitoshi: R yenye mguu ulionyooka badala ya uliopinda huonekana kwa mita mbili. Mchoraji makini hufuatisha kila herufi kutoka kibati cha asili, pamoja na kasoro zake. Neno lililoandikwa vibaya kiwandani huachwa hivyo hivyo.

Uchapishaji hutegemea kitu kilivyokuwa. Kibati chenye maandishi yaliyozama hutengenezwa kwa kula chuma kwa kemikali: sehemu zisizotakiwa kuliwa hufunikwa, bati huwekwa katika myeyusho wa kloridi ya chuma, kisha mashimo hujazwa rangi. Kemikali hiyo huchafua ngozi na kuharibu mabomba ya maji machafu, hivyo hufanyiwa kazi nje, kwa glavu na miwani, na mabaki hayamwagwi mtaroni. Kibati chenye maandishi bapa huchapwa kwa skrini ya kitambaa, njia ileile inayotumika kuchapa fulana, na mafundi wake hawakosekani Dar es Salaam wala Nairobi. Stika za kunata kwa maji huchapwa kwenye karatasi maalumu na kufunikwa kwa vanishi isiyoharibiwa na mafuta. Printa ya kawaida ya wino haifai peke yake, maana jua la mwezi mmoja hugeuza nyeusi kuwa zambarau.

Namba za gari zilizogongwa kwa mkono hazikuwa sawasawa. Tarakimu moja hukaa juu kidogo, nyingine imelala. Namba iliyochongwa kwa kompyuta katika mstari mmoja ulionyooka, juu ya kibati cha mwaka 1962, huzua shaka badala ya kuiondoa.

Lebo sahihi na lebo salama

Kuna lebo ambazo kuzikosea ni hatari kwa gari au kwa abiria. Land Rover za zamani ziliunganishwa upande chanya wa betri kwenye bodi. Mnamo mwaka 1967 kiwanda kiligeuza na kuunganisha upande hasi. Gari la mwaka 1963 linaweza kuwa limebadilishwa na fundi miaka mingi iliyopita ili lipokee redio au alteneta. Mtu akilibandika stika ya asili isemayo chanya, fundi anayekuja kuchaji betri ataiamini, na alteneta itaungua siku hiyohiyo. Hapa uaminifu kwa kiwanda hauna budi kusindikizwa na stika ya pili, ndogo na ya wazi, inayosema hali halisi ya sasa.

Citroën DS inatoa mfano mwingine. Mwaka 1966 kampuni hiyo iliacha kimiminika chekundu cha mfumo wake wa haidroli na kuingiza cha kijani, na sehemu za mfumo mpya zilipakwa rangi ya kijani ili zitambulike. Kimiminika kisicho chake huharibu mipira ya mfumo mzima, ambao ndio unaobeba gari na kusaidia breki. Kupaka rangi ya kijani sehemu za gari la zamani kwa sababu tu inapendeza ni kumtegea mtego mwenye gari anayefuata.

Lebo ya upepo wa matairi nayo iliandikwa kwa matairi ya wakati wake. Gari likivalishwa matairi ya redio, vipimo vya kibati vinaweza visifae. Lebo za petroli zilidhani kuna petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006.

Magari ya Safari Rally

Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yaliitwa Coronation Safari hadi 1959, kisha East African Safari kuanzia 1960 hadi 1974, na Safari Rally tangu 1975. Anayelirejesha gari la mashindano lazima aanze na majina hayo. Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania na kushinda mwaka 1966 na 1967, haiwezi kubeba ubao ulioandikwa Safari Rally. Makosa ya aina hii yameonekana hata katika magari yaliyogharimu fedha nyingi.

Tangu mwaka 2003 yamefanyika mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa magari ya kale, na magari mengi yanayoshiriki yamevalishwa rangi na stika za magari maarufu kama vile Datsun 240Z. Hakuna ubaya, mradi gari liitwe nakala. Ubaya huanza pale nakala inapouzwa, na mnunuzi wa pili au wa tatu akaambiwa ndilo lenyewe. Jijini Nairobi mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lake. Mikusanyiko kama hii ni mahali pazuri pa kulinganisha vibati, kwa sababu gari ambalo halijawahi kuguswa huwa mwalimu bora kuliko kitabu.

Sheria na kughushi

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania hubeba namba ya chasisi na ya injini, na nchini Kenya kazi ya usajili iko chini ya NTSA. Kubadili, kufuta au kugonga upya namba ya chasisi bila idhini kunaweza kumfikisha mtu mahakamani, hata kama nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa hivyo ndivyo magari ya wizi yanavyofichwa. Chasisi iliyooza ikibadilishwa, mwenye gari huenda kwanza kwa mamlaka ya usajili na polisi akiwa na kadi yake, kabla fundi hajashika nyundo. Wauzaji waangalifu wa vibati huomba kuona kadi hiyo, na asiyeiomba anastahili kuogopwa.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lilipitisha Hati ya Torino mwaka 2012. Hati hiyo hutanguliza kuhifadhi kuliko kurejesha, na hutaka sehemu mpya zilizotengenezwa kufanana na za zamani ziwekewe alama ya kudumu isiyojionyesha. Kwa kibati, hii humaanisha kuchonga mwaka wa kutengenezwa kwake upande wa nyuma. Kibati cha zamani, hata kikiwa kimevunjika au hakisomeki, hufungwa ndani ya bahasha pamoja na picha zake na kukaa na kadi ya gari, ili siku gari litakapouzwa viende vyote pamoja.